Darasa la maneno ya mabaka na madoadoa, Bagamoyo: tathmini ya mwongoza watalii

Darasa la jioni la Kiingereza linaloendeshwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani, pembeni mwa Mtaa wa India hapa Bagamoyo, halina kibao wala jina rasmi. Wanaolifahamu huliita darasa la Mwalimu, nao ni waongoza watalii, wauza batiki na vinyago, pamoja na vijana wachache wanaotafuta kazi katika hoteli za ufukweni. Masomo yake mengi ni yale ya kawaida, yaani salamu, bei, saa na maelekezo ya njia, na kwa hayo sioni sababu ya kumshauri mtu atoe fedha yake, kwa kuwa yanapatikana kwingine kwa urahisi. Tathmini hii inahusu kozi fupi moja tu inayotolewa hapo, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike: kozi ya maneno ambayo Kiingereza hutumia kutaja kitu chenye rangi mchanganyiko, yawe ni mabaka, madoadoa, milia au marakaraka, pamoja na asili ya maneno hayo. Thamani yake inazidi ada inayotozwa, ingawa sehemu ya farasi ingeweza kupunguzwa bila hasara, na ingawa vifaa vyake vina kasoro ambayo katika somo la rangi ni vigumu kuisamehe.

Tatizo ambalo kozi inalianzia kila mwongoza watalii analijua. Neno letu mabaka halichagui mwenyeji: ng'ombe ana mabaka, sare ya askari ina mabaka, ukuta ulioingia unyevu una mabaka. Tukiongeza madoa na milia, tumekwisha kueleza karibu kila mnyama wa Saadani. Kiingereza nacho kina neno la jumla, "spotted", na anayelitumia kwa chui, kwa fisi na kwa kanga ataeleweka bila taabu. Lakini pembeni mwa neno hilo ipo jamaa kubwa ya maneno ambayo kila moja lina mwenyewe. Moja ni la farasi, jingine la paka, jingine la ng'ombe na mbwa, jingine la majani ya mmea, na ukilihamisha kutoka kwa mwenyewe msikilizaji hutabasamu. Mwalimu hayafundishi kama orodha ya kukariri. Kila jioni huweka kitu mezani, unyoya, kipande cha kitambaa au picha ya mnyama, kisha hueleza neno lilikotoka na safari iliyolifikisha kwenye kitu hicho. Faida ya kozi imo katika simulizi hizo kuliko katika msamiati wenyewe, kwa sababu mgeni hamlipi mwongozaji ili asikie neno "spotted" likitamkwa vizuri; anamlipa ili asimuliwe.

Mwanzo ni kunguru, yule mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye siku hizi amesukumwa pembeni katika miji yetu ya pwani na kunguru mwenye shingo ya kijivu kutoka India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Huyu wetu kwa Kiingereza huitwa "pied crow", na neno "pied" linatokana na ndege mwingine kabisa. Hapo zamani "pie" lilikuwa jina la ndege wa Ulaya mwenye rangi nyeusi na nyeupe, kutoka Kilatini "pica" kwa kupitia Kifaransa. Baadaye Waingereza walimbandika jina la Mag, ambalo ni kifupi cha Margaret, akawa "magpie". Kwa hiyo kila tunapomtaja kunguru wetu kwa jina lake la Kiingereza, tunasema kwamba amevaa kama ndege wa kule ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona. Neno hilohilo limo katika jina la mdiria mweusi na mweupe, "pied kingfisher", anayesimama hewani juu ya maji huku akipiga mbawa kabla ya kujitupa kuchukua samaki, na wageni wapenzi wa ndege humuulizia sana. Mpiga zumari wa Hamelin katika hadithi ya Kijerumani naye ni "pied" kwa sababu ya mavazi yake ya rangi mbalimbali. Habari hiyo nimekwisha kuitumia kwa wageni wa Kijerumani mbele ya Boma, nao waliifurahia kuliko tarehe za ukoloni.

Sehemu ya farasi ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo niliyoiona dhaifu, si kwa makosa ya maelezo bali kwa sababu ya mahali tulipo. Nchini Uingereza "piebald" ni farasi mweupe mwenye mabaka meusi, na "skewbald" ni mweupe mwenye mabaka ya rangi nyingine, hasa kahawia. Wamarekani huwaita wote "pinto" au "paint". Sehemu ya pili ya maneno hayo, "bald", ambayo leo humaanisha mwenye kipara, zamani ilitaja baka jeupe, hasa la usoni mwa mnyama, na hiyo ndiyo sababu tai aliye nembo ya Marekani huitwa "bald eagle" ilhali kichwa chake kimejaa manyoya meupe. Ni maelezo mazuri, lakini je, mgeni wa Bagamoyo atamwona farasi gani? Katika karne ya 19 mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hata pembe za ndovu zikaletwa pwani hii mabegani mwa wapagazi, na mnyama wa kazi tunayemjua sisi ni punda, ambaye kwa kawaida hahitaji neno lolote kati ya hayo.

Kutoka sehemu hiyo ningebakiza maneno mawili. La kwanza ni "roan", kwa kuwa ndilo jina la Kiingereza la korongo, yule mnyama mkubwa wa jamii ya palahala. Humaanisha manyoya ya rangi moja yaliyochanganyika na meupe unywele kwa unywele, bila kufanya baka lolote. La pili ni "dappled". Lilianza kwa farasi wa kijivu mwenye miduara hafifu mwilini, na Chaucer alikwisha kulitumia katika karne ya 14. Lugha za jirani kaskazini mwa Ulaya humwita farasi wa namna hiyo "wa kijivu cha tufaha", na wataalamu wengi huona kwamba tufaha hilo ndilo lililojificha ndani ya neno la Kiingereza. Leo neno hilo limekwenda mbali na zizi, kwa maana hutumika pia kwa nuru ya jua inayopenya majani na kutua chini vipande vipande. Anayewapitisha wageni kwenye njia ya miembe ya Misheni ya Kikatoliki saa za asubuhi atalihitaji kila siku.

Nyumbu alistahili jioni nzima, na aliipata. Kiingereza kina majina kadhaa ya mnyama huyu, na mojawapo ni "brindled gnu", kwa sababu ya michirizi ya giza inayoshuka shingoni na mabegani mwake. "Brindled" husemwa juu ya mnyama wa kahawia au kijivu aliyepigwa michirizi myeusi isiyo na mpangilio, na kwa kawaida ni neno la ng'ombe na mbwa. Umbo lake la zamani ni "brinded", ambalo Shakespeare alimpa paka wa wachawi katika Macbeth, na wataalamu hulihusisha na kuungua, kana kwamba mnyama amepitishwa motoni. Jamaa yake ni "brand", neno lililoanza kwa maana ya kijinga cha moto, likawa alama ya chuma cha moto kwenye ngozi ya ng'ombe, na leo ndilo hilohilo wafanyabiashara wetu hulitamka brandi wanapozungumzia jina la bidhaa. Tangu jioni hiyo, nikiwa na wageni Mikumi, sikosi la kusema nyumbu wanapojitokeza, na kwa mnyama ambaye wageni wengi humpita haraka wakimtafuta simba, hiyo ni faida ya wazi.

Vitambaa ndivyo kiini cha kozi. Hapa Mwalimu huacha haraka yote, na hapa ndipo ilipodhihirika kwamba sehemu kubwa ya historia ya maneno haya ilipita katika bahari hii hii tunayoitazama kila siku. Alianza na "tabby", ambalo leo ni neno la paka mwenye milia. Mjini Baghdad palikuwa na mtaa ulioitwa Attabiya, kwa jina la Attab, mtu wa ukoo wa Bani Umayya, na katika mtaa huo ilifumwa hariri yenye mistari na mawimbi. Kitambaa kikachukua jina la mtaa, kikaingia Ulaya kwa Kilatini na Kifaransa, na katika karne ya 17 Waingereza wakakiita "tabby". Kabla karne hiyo haijaisha, jina lilikuwa limeshahama kutoka kwenye hariri hadi kwa paka. Hivyo kila paka wa milia anayezunguka soko la samaki la hapa kwetu, akitajwa kwa Kiingereza, anaitwa kwa jina la mtaa wa Baghdad, na sijakutana na mgeni aliyeijua habari hiyo kabla sijamweleza.

Likafuata "calico", na asili yake ni Calicut, bandari ya pwani ya Malabar ambayo leo huitwa Kozhikode. Ni bandari hiyo ambayo Vasco da Gama aliifikia Mei 1498 akiongozwa na rubani aliyempata Malindi, kwa msaada wa pepo ambazo manahodha wa bahari hii walikuwa wakisafiria karne nyingi kabla yake. Pamba ya Calicut na ya India kwa jumla ilipendwa mno Uingereza, hata wafumaji wa sufu na hariri wakalalamika, na Bunge lao likapitisha sheria mbili, ya 1700 na ya 1721, kuzuia vitambaa vya pamba vilivyochapwa nakshi. Baadaye neno likagawanyika. Kwa Mwingereza "calico" ni pamba isiyopaushwa na isiyo na nakshi, jamaa wa merikani yetu, ambayo nayo ilibeba jina la nchi ilikotoka ilipoletwa Zanzibar na merikebu za Salem, Massachusetts. Kwa Mmarekani, "calico" ni pamba yenye maua madogo ya rangi, na ndiyo maana paka mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, kwake yeye ni "calico cat". Muuza vitambaa asiyeijua tofauti hii atamtandikia Mwingereza maua wakati anataka nguo nyeupe ya kuchorea batiki, na atamtandikia Mmarekani merikani wakati anataka maua. Dada mmoja muuza batiki aliyekaa mbele yangu aliiandika tofauti hiyo kwenye daftari lake la hesabu, mahali ambapo hapana shaka ataiona.

Kuhusu "chintz", pamba yenye maua makubwa ambayo Wazungu walipenda kuitengenezea mapazia, Mwalimu alieleza kwamba limetoka kwenye neno la Kihindi lenye mzizi wa Kisanskriti, "citra", yaani kitu chenye rangirangi na kung'aa. Kutoka mzizi huohuo limetoka "cheetah", jina la Kiingereza la duma. Pazia la maua na mnyama mwenye mbio kuliko wote nchi kavu ni ndugu wa neno moja, na kilichowaunganisha ni madoadoa yao.

Lakini lililoliamsha darasa zima ni "pintado". Kwa Kireno humaanisha kilichopakwa rangi, na katika Kiingereza cha karne ya 17 lilitaja vitu viwili: vitambaa vya pamba vya India vyenye nakshi, na ndege ambaye sisi tunamwita kanga. Wareno wenyewe hadi leo humwita ndege huyo "pintada". Nasi kwetu kanga ni ndege na kanga ni nguo, na masimulizi ya pwani husema kwamba nguo za kwanza zilikuwa na madoa meupe juu ya weusi, zikafananishwa na manyoya yake. Njia za maneno haya mawili si moja, kwa sababu sisi tuliipa nguo jina la ndege, ilhali kwa Wareno ndege na nguo wote walipewa jina kutokana na kupakwa rangi. Hata hivyo mwisho wa safari ni uleule. Mwalimu akaongeza la Wagiriki, waliosimulia kwamba dada zake Meleagros walimlilia kaka yao alipokufa hadi wakageuzwa kanga, na madoa ya ndege hao ni machozi yao. Jina la kisayansi la kanga, Numida meleagris, limehifadhi habari hiyo. Kama ningelazimika kuchagua jioni moja tu ya kulipia, ningechagua hii.

Neno "tortoiseshell" lilinipa jambo jingine la kwetu. Ni rangi ya paka mwenye weusi na machungwa yaliyovurugana, na limetokana na gamba linaloitwa la kobe ingawa kwa kweli ni la ng'amba wa baharini. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kijulikanacho kama Periplus, kinalitaja gamba hilo pamoja na pembe za ndovu na za kifaru miongoni mwa bidhaa zilizopatikana Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Mwalimu alifanya vyema kukumbusha hapohapo kwamba biashara ya kimataifa ya magamba ya ng'amba imepigwa marufuku, na kwamba neno litumike kwa paka na kwa fremu za miwani za plastiki, si kwa kumtafutia mgeni kipande cha kununua. Paka wa rangi hiyo karibu wote ni majike, kwa kuwa jeni inayoamua weusi au umachungwa imo katika kromosomu ya X, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja. Maelezo hayo yalizua mjadala mrefu kuhusu paka wa nyumbani kwa kila mtu, na Mwalimu aliuacha uendelee kuliko ilivyofaa.

Mengine yalipita upesi. "Variegated" ni la majani ya mmea yenye rangi mbili au zaidi, "speckled" ni la madoa madogo sana kama ya mayai ya ndege, na "checked", nguo ya drafti, limetoka kwenye ubao wa sataranji na kwa hiyo kwenye neno la Kiajemi la mfalme, shah. Juu ya "motley" tulipewa onyo linalofaa: lilikuwa jina la kitambaa cha nyuzi za rangi mbalimbali, likahusishwa na mavazi ya mchekeshaji wa mfalme, na leo lina harufu ya dharau, kwa hiyo muuzaji asilitumie kusifia batiki yake. "Mottled", ambalo lilichongwa baadaye kutoka neno hilohilo, halina ubaya wowote. Twiga, ambaye nilitarajia apewe nafasi kubwa, aliondoka na sentensi mbili, kwamba Wagiriki walimwita ngamia-chui kwa sababu ya shingo na mabaka yake, na kwamba jina hilo bado limo katika jina lake la kisayansi, Giraffa camelopardalis. Kwa darasa lililojaa waongoza watalii wa Saadani, kumpa twiga sentensi mbili na farasi karibu jioni mbili ni mpangilio ambao haueleweki.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ni karatasi. Kila mwanafunzi hupewa kurasa zenye picha za wanyama na vitambaa, na kurasa zote zimetolewa kopi kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Katika ukurasa wa farasi, "piebald" na "skewbald", ambao tofauti yao pekee ni rangi ya baka, wamekuwa mnyama mmoja. Paka wa rangi tatu amekuwa wa kijivu, na ukurasa wa batiki unaonekana umemwagikiwa wino. Mwalimu huzunguka na picha moja ya rangi aliyonayo kwenye simu, tukiipokezana kwa foleni, jambo linalokula muda. Kasoro ya pili ni kwamba anazungumza sana yeye, nasi tunazungumza kidogo. Mzee mmoja muuza vinyago aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: "Mwalimu, hayo yote nimeyaelewa, lakini mgeni akisimama mbele yangu nimwambieje?" Akajibiwa vizuri, kwa mfano wa sentensi fupi tatu alizozirudia mpaka akazishika, lakini zoezi hilo lilifanyika kwa sababu mzee aliuliza, si kwa sababu lilipangwa. Ningependa kila jioni iishe namna ile.

Ada ni pungufu ya kile ambacho mwongozaji hupata kwa kumtembeza mgeni mmoja kwenye magofu ya Kaole, na wanaoswali hupewa nafasi ya magharibi bila maneno. Anayehitaji Kiingereza cha kujieleza tu asianze hapa. Atachoka mapema na kuona anafundishwa habari za paka. Muuza batiki au vitenge anaweza kulipia jioni za vitambaa peke yake, kwa kuwa Mwalimu hamlazimishi mtu kuchukua kozi nzima, nami namshauri afanye hivyo. Waongoza watalii wachukue yote, farasi wakiwemo, kwa sababu ya hilo la "bald" na la nuru ya miembe. Majina huandikishwa chumbani hapohapo baada ya alasiri, na mpaka hapo karatasi zitakapochapishwa kwa rangi, kila mwanafunzi aende na penseli zake za rangi, angalau ya kahawia na ya machungwa.